Boliti Mbili za Mama Mkwe

Musembi wa Migwani ni fundi wa pikipiki, na katika miaka kumi na minne hajawahi kuharibu kitu. Muulize mwenyewe. Kila kilichokatikia mkononi mwake kilikuja kimekatika, ila kilikuwa na adabu ya kushikana mpaka kifike kwake. Taa ikipasuka, ilikuwa na ufa. Mtu akileta pikipiki yenye tatizo moja akaondoka na mawili, Musembi humwambia kwa upole kwamba hilo la pili lilikuwa limejificha, na amshukuru Mungu limeonekana mapema.

Mimi humpenda hivyo hivyo. Hupita Migwani mara mbili tatu kwa mwaka, nikitoka kwa binti yangu wa Kikima nikielekea kwa yule wa Mwingi, na hapo kibandani kwake, mkabala na kinu cha kusaga unga, kuna kivuli, kuna chai, na hakuna anayemuuliza mzee ataondoka lini. Nilikaa wiki nzima mwezi wa tisa uliopita, ndiyo maana haya ninayoandika sikuambiwa na mtu.

Baba yake Musembi alikuwa mchonga vinyago. Alichonga swara, twiga na vifaru ambao hakuwahi kuwaona, wa kuuziwa wazungu ambao pia hakuwahi kuwaona. Kazi ya Musembi tangu utotoni ilikuwa kutoboa macho. Mzee akimaliza swara humrushia, naye huchukua keekee ya mkono, ile ya kuzungusha na kishikio, anatoboa jicho la kulia, anatoboa la kushoto. Jicho likikaa vibaya swara anakuwa na kengeza, na swara mwenye kengeza hanunuliwi hata na mzungu. Alipofika miaka ishirini alikuwa ametoboa macho ya kutosha kujaza mbuga mbili za serikali, na akaapa hatashika tena mnyama wa mti. Akaanza na baiskeli, baadaye pikipiki. Akaandika ubao: MUSEMBI MOTORS, PIKIPIKI AINA ZOTE. Herufi ya mwisho haikupata nafasi, ikabidi ishuke chini.

Kisha akamwoa Kasyoka, na hapo ndipo maneno yenyewe yanapoanza, kwa sababu Kasyoka ana mama.

Mama huyo ni Mwalimu Muthoki. Alifundisha nasari miaka thelathini na mmoja, na hadi leo akiingia sokoni watu wazima hujikuta wamenyoosha mgongo. Musembi alipopeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga maneno ya ndoa, mama aliwapokea, akawahesabu, akatuma neno: "Mwambieni mbuzi nimewaona ni wazuri. Kuhusu kijana, bado naangalia." Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa bado anaangalia.

Mkwe wake wa pili ni Muindi, aliyemwoa Nzisa, mdogo wake Kasyoka. Muindi ana gereji Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Sakafu ya gereji ni ya simenti na imepigwa rangi. Muindi huvaa ovaroli yenye jina lake kifuani, nafikiri ni kwa usalama, asije akajisahau. Kila Krismasi Mwalimu Muthoki husimulia habari za ile sakafu.

Tena kuna jambo la nthoni, ile heshima yetu Wakamba ya mkwe na mama mkwe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupitia vichakani. Vijana wengi wa siku hizi wameiacha, wanakumbatiana na mama wakwe zao na kupigana picha. Mwalimu Muthoki ameokoka, na alipookoka aliacha mila nyingi akisema ni giza. Hii moja akabaki nayo. Nadhani aliona ina faida.

Sasa basi. Mwalimu Muthoki ana pikipiki. Ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa afisa wa kilimo, mashine ya zamani iliyotengenezwa wakati vyuma vilikuwa vyuma. Mzee alipokufa watu walimshauri mama aiuze. Akajifunza kuiendesha akiwa na miaka hamsini na sita, na huenda nayo kanisani, kwenye kikundi cha akina mama na popote penye mtu wa kukosolewa. Jumatatu ile ya mwezi wa tisa tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inapiga makelele kama mabati yanayopigwa mawe, moshi unatokea pale ekzosi inapoungana na injini badala ya kutokea nyuma.

Musembi alikuwa ameinama juu ya pikipiki ya mtu. Aliposikia ule mlio aliweka spana chini, akaingia ndani ya kibanda, akajipanga nyuma ya rundo la matairi. Mwalimu akaegesha, akageuka akatazama kinu cha unga upande wa pili wa barabara, mgongo kwetu.

"Mzee Jonah, habari ya siku nyingi."

"Nzuri, Mwalimu," nikasema.

"Mwambie mwenye hapa, hii ndiyo mara ya nne mwaka huu."

Kutoka pale aliposimama hadi kwenye matairi ni hatua sita. Lakini heshima ni heshima. Nikageuka nikayaambia matairi, "Anasema ni mara ya nne."

"Nimesikia," yakasema matairi. "Mwambie nitaangalia."

"Anasema ataangalia."

"Mwambie ameiangalia mara tatu. Muindi anakuja Jumamosi na pikapu kuniletea vifaranga. Kama Ijumaa jioni hii kitu haijanyamaza, itapanda hiyo pikapu iende Makindu kwa mafundi."

Hilo sikulirudia. Lilikuwa limefika.

Mwalimu alipoondoka kwa miguu, Musembi alitoka akakaa kwenye kreti la soda.

"Mzee," akasema, "unajua hiyo maana yake?"

"Nakisia kidogo."

"Pikipiki ya mama mkwe wangu ikipelekwa Makindu, safari ya siku nzima, ikipita hapo barabarani imelala ndani ya pikapu ya Muindi, nani ataniachia yake tena? Watasema hata nyumbani kwa mke wake hawamwamini. Na Kasyoka atasikia habari ya ile sakafu mpaka nife."

Kwa hiyo hakukuwa na mchezo. Jumanne asubuhi alianza kazi.

Ekzosi ya pikipiki hushikwa kwenye injini na boliti mbili zisizo na vichwa, zilizopandwa kwenye ile aluminiamu, na kila moja inafungwa na nati. Hizi zilikuwa zimeoza, na mdomo wenyewe wa injini ambapo ekzosi inakaa ulikuwa umeliwa kama jino bovu. Musembi alipaka dizeli, akangoja. Akapaka mafuta ya breki, akangoja. Kisha uvumilivu ukamwisha. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta. Kukatoka sauti ndogo, kama mtu anayevunja kiberiti.

Akaitazama ile nati mkononi, na kipande cha boliti ndani yake.

"Ilikuwa imekatika," akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa mita moja kutoka hapo, na macho yangu, namshukuru Mungu, bado yanaona.

"Ndiyo," nikasema.

Boliti ya pili alienda nayo polepole, kwa adabu zote, na ikakatika vilevile, nafikiri kwa kumhurumia mwenzake. Sasa vipande vyote viwili vilikuwa vimebaki ndani ya injini, usawa na uso wake, hakuna pa kushika.

Alichukua kisu akakwangua ule mdomo. Ukatoka unga mweupe. Akauweka kwenye ulimi.

"Onja, mzee."

"Sina njaa."

"Ni chumvi. Ni kile kisima."

Kijijini kwa Mwalimu kuna kisima cha pampu kilichochimbwa na wafadhili. Siku ya kukifungua kulikuwa na mahema, hotuba saba na kwaya mbili. Kisha pampu ikawashwa, maji yakatoka, watu wakaonja, na hotuba ya nane haikutolewa. Ng'ombe huyanywa wakiwa wamekunja uso. Binadamu bado wanachota yale matamu ya kuchimba mchangani mtoni, na punda ndiye anayeyaleta, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayeyamwaga ovyo. Basi Mwalimu kila Jumamosi akirudi kutoka kikundini, injini bado inawaka moto, anaimwagia pikipiki ndoo mbili za maji ya chumvi na kuisugua kwa sabuni, ili Jumapili iingie uwanja wa kanisa ikiwa safi. Ilikuwa pikipiki safi kuliko zote za Kitui nzima. Ilikuwa inakufa kwa usafi.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Tangu ile mara ya kwanza. Mwezi wa pili."

"Na hukumwambia?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mzee, kuosha ni mambo ya bafuni. Mimi nimtumie mama mkwe neno kwamba haoshi vizuri? Kwamba maji yake ni mabaya? Kasyoka nilimwambia apeleke. Akasema hawezi kumwambia mama yake hajui usafi, alichapwa na huyo mama kwa ajili ya kucha mpaka darasa la nane."

Kwa hiyo, kwa heshima, mkwe huyu alikuwa amebadilisha gasketi, kile kipete cha kuziba kati ya ekzosi na injini, mara tatu kimya kimya, na kwa heshima angeendelea hivyo mpaka injini iyeyuke yote.

"Lakini wewe ni mzee," akasema. "Wewe unaweza kumwambia."

Na hapa lazima nikubali kosa langu, maana huwezi kucheka watu wengine halafu ujifiche wewe. Jumatano Mwalimu alipita. Musembi akakimbilia matairi. Mwalimu akatazama kinu. Musembi akaninong'oneza, "Mwambie asiioshe na maji ya kisima."

Nikafungua kinywa. Nikauona ule mgongo wa Mwalimu, umenyooka kama rula. Nikasikia kinywa changu kinasema, "Mwalimu, fundi anasema pikipiki yako ni safi sana."

"Mwambie asante," akasema. "Sikujua kama huwa anaona. Nitaanza kuiosha na Jumatano pia."

Akaenda zake. Matairi yakaguna.

Alhamisi Musembi aliazima drili ya umeme kutoka kwa mchomeleaji. Boliti ni chuma na injini ni aluminiamu, na drili ikipewa nafasi ya kuchagua, huchagua penye ulaini. Akaiweka katikati ya kipande kimoja, akabonyeza. Ikacheza kidogo, ikateleza kando, ikaanza kutafuna injini ya mama mkwe kama keki. Aliiondoa haraka, lakini shimo lilikuwa limekwenda upande. Hapo umeme ukapotea soko zima, na nadhani ndiyo siku pekee niliyowahi kuona kampuni ya umeme ikimsaidia mtu.

Musembi alikaa kwenye kreti lake. Hakusema ilikuja ikiwa hivyo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Saa saba Kasyoka akaleta isyo, mahindi na maharagwe kwenye bakuli lenye kifuniko. Ni mwanamke wa maneno machache, yaani yale anayoyasema huwa hayahitaji kuongezwa. Akatazama injini, akamtazama mumewe, akatutengea chakula akaondoka. Baada ya robo saa akarudi na kitu kimefungwa kwenye gunia. Ilikuwa ile keekee ya mkono, kishikio cha mti kimelainika kama mfupa.

"Hii nimekuwa nikizuilia mlango wa kuku," akasema. "Kuku watavumilia."

"Hiyo ni ya vinyago," akasema Musembi.

"Kwani jicho la swara lilikuwa kubwa kuliko hiyo boliti?"

Kasyoka alichukua bakuli tupu akaenda.

Yaliyofuata yalichukua Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa mpaka saa nane mchana, na kama ungekuwa pale ungechoka, kwa sababu hakuna lililotendeka isipokuwa mkono mmoja kuzunguka. Kwanza alichonga kishimo kidogo katikati ya kipande cha boliti kwa ncha ya msumari mgumu. Aligonga mara moja, akalala chini akatazama kwa jicho moja, akagonga tena. Kisha akaweka keekee, akakandamiza kwa kifua jinsi baba yake alivyomfundisha, akaanza. Zungusha, tone la mafuta, zungusha. Chuma kilitoka kama nywele. Mwenye boda boda mmoja akaja akitaka kufungiwa cheni, akaambiwa angoje. Akauliza, "Sasa fundi umerudi kwa vinyago?" Musembi hakuinua kichwa. "Twiga wako atakuwa tayari kesho," akasema.

Shimo lilienda moja kwa moja. Akabadilisha ncha, akaweka nene zaidi, tena nene zaidi, mpaka boliti ikabaki gamba jembamba, akalichokoa kwa ncha ya kisu, likatoka limejikunja kama ganda la chungwa, na thredi za injini, ile mifereji ya kukazia boliti, zikabaki nzima nyuma yake. Ile ya pili, iliyoliwa na umeme, ilimpa taabu. Thredi zilikuwa zimeharibika upande mmoja. Akalipanua shimo likawa duara tena, akachonga kikombe kidogo cha chuma chenye thredi ndani na nje, akakikaza humo, na boliti mpya ikaingia ndani ya kikombe. Ule mdomo uliooza aliupiga tupa mpaka ukawa sawa, akijaribu kwa kipande cha kioo cha dirisha. Gasketi akaikata kwenye bomba la shaba la friji iliyokufa, akaipasha moto ili ilainike, akaibana katikati ya ekzosi na injini.

Ijumaa saa kumi Mwalimu akafika. Matairi. Kinu. Kila mtu mahali pake.

"Mzee Jonah, imekuwaje?"

Mimi ndiye niliyeipiga teke, kwa kuwa fundi alikuwa hawezi kutoka. Ikawaka. Ilitoa sauti ya chini, ya kuridhika, na moshi ukatokea nyuma ambako Mungu alikusudia.

Mwalimu alisikiliza bila kugeuka. Nilimwona anageuza sikio kidogo tu.

"Mzee, una hakika ni ile yangu?"

"Ni ile ile."

"Hm." Akavuta kitambaa cha kichwa mbele. "Basi nairudisha nyumbani saa hii. Nitaimwagia maji ya kutosha leo na kesho asubuhi, Muindi akija aikute inang'aa."

Nyuma ya matairi kitu kilianguka. Nafikiri ni spana. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kinywa changu, kile kile cha Jumatano, kilijifunga chenyewe.

Ndipo Musembi akatoka. Alitoka kinyumenyume, mgongo mbele, akipapasa njia kwa kisigino, akafika kwenye pikipiki akaweka mkono juu ya tangi. Sasa walikuwa wamesimama wamepeana migongo, mama mkwe anatazama kinu, mkwe anatazama matairi, pikipiki katikati inanguruma. Watu wa kinu wakaacha kusaga.

"Wewe pikipiki," akasema Musembi.

Pikipiki haikujibu, lakini ilikuwa inasikiliza.

"Wewe pikipiki, kinachokula huo mdomo wako ni chumvi. Ni maji ya kisima, unamwagiwa ukiwa moto. Nimejua tangu mwezi wa pili na nimenyamaza. Ukimwagiwa tena leo, mwaka ujao hata mafundi wa sakafu ya simenti hawatakuweza. Na tena, wewe pikipiki. Ile boliti ya kwanza haikuja imekatika. Nimeikata mimi, kwa haraka. Na lile shimo la kando pia ni langu. Nimelitengeneza, lakini ni langu."

Nimeishi miaka sabini na kitu. Fundi akisema hivyo mbele ya kinu kizima nilikuwa sijasikia.

Mwalimu akajinyoosha, kama anayehesabu watoto wa nasari darasani.

"Wewe pikipiki," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ile ya ubaoni. "Muulize fundi, miezi saba alikuwa anangoja nini."

"Mwambie ni heshima," akasema Musembi.

"Mwambie heshima yake imeniaibisha barabarani mara nne."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie nitaipangusa kwa kitambaa. Na maji ya punda, kikombe kimoja."

"Mwambie ikiwa imepoa."

"Nimesikia ikiwa imepoa, mimi si kiziwi," akasema Mwalimu, na hiyo hakuipitisha kwa pikipiki. Nafikiri aliteleza. Musembi akarudi kwenye matairi, mbiombio, mbele mbele.

Jumamosi nilimsindikiza Kasyoka kwa mama yake kupokea vifaranga. Muindi alikuja na Nzisa kwenye pikapu, ovaroli imepigwa pasi. Alikuwa amebeba kamba za kufungia pikipiki. Mwalimu alikuwa chumbani, maana huyu pia ni mkwe. Akampitishia Nzisa neno aende akaiwashe pikipiki pale chini ya paa. Nzisa akaipiga teke moja, ikawaka. Kwa mara ya kwanza tangu mzee afe ilikuwa na vumbi. Muindi akachutama akatazama ile shaba, akapitisha kidole kwenye boliti.

"Hii ilitobolewa na mashine gani?" akauliza.

"Ya kuzuilia mlango wa kuku," akasema Kasyoka.

Ili Muindi asirudi Makindu na pikapu tupu, Mwalimu aliamuru apakiwe mkokoteni wa mkono uliovunjika gurudumu, ulikuwa nyuma ya choo tangu mvua za mwaka juzi. Neno lilisema kwamba kwa mtu mwenye sakafu nzuri hivyo, gurudumu moja halitakuwa kazi.

Nilipokuwa naondoka Mwalimu aliniita dirishani.

"Mzee Jonah, unapita kwa fundi?"

"Napita."

"Mwambie nimemaliza kuangalia."

Ujumbe huo niliufikisha ulivyo, neno kwa neno, na naomba uhesabiwe kuwa fidia ya ile Jumatano. Musembi alinifanya niurudie mara tatu, akashuku nimeongeza. Kisha akaingia nyuma ya matairi, ingawa hakuna mtu aliyekuwa anakuja, akakaa huko kidogo.

Alipotoka, mwenye boda boda alikuwa ameleta pikipiki iliyopasuka kioo cha taa. Musembi akaishika ile taa, akaigeuza juani.

"Hii imekuja imepasuka," akasema, na akanitazama nimthibitishie.

Na safari hii, kwa kweli, ilikuwa imekuja imepasuka.